Kiingereza cha Chuo Kikuu na Historia ya Njia ya Misafara

Kijana wa Tabora anayejiunga na chuo kikuu huenda na Kiingereza cha mitihani. Anajua kanuni za sarufi, anasoma kitabu na kukielewa, na cheti chake pengine kina alama nzuri. Lakini siku ya semina, mhadhiri anapoomba maoni, yeye huinamisha kichwa. Lugha anaipokea, ila hawezi kuitumia kutetea hoja.

Wataalamu wanaitambua hatua hiyo. Katika vipimo vya lugha vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001, vyenye ngazi sita, ngazi ya nne ndiyo inayomtaka mwanafunzi aeleze msimamo wake na kutaja uzuri na ubaya wa kila upande. Kukariri kanuni hakutoshi kumfikisha hapo. Hufika kwa kujadiliana juu ya jambo lenye uzito kwake.

Ukimpa mada ya theluji ya London, hana la kusema. Mwulize juu ya mji wake. Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857, wakakirimiwa na wafanyabiashara Waislamu. Mmoja wao, Snay bin Amir, alimsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za huku. Burton alichapisha kitabu chake mwaka 1860, na dunia ikamjua Snay kwa kauli ya mgeni wake. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa katika tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Stanley naye akachapisha kitabu mwaka huohuo.

Kwa upande mwingine, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri yake ya Kiingereza ipo. Tunapendekeza wanachuo wasome kurasa za Burton sambamba na za Tippu Tip, kisha waulizane kwa Kiingereza: Ni nani anayesema? Ameona nini? Amenyamazia nini?

Mjadala huo hautaweza kuikwepa biashara ya watumwa, wala haifai kuikwepa. Walioifanya walikuwamo Waislamu wenzetu. Kijana wetu akiulizwa darasani iwapo Uislamu ulifika bara kwa minyororo tu, naye akanyamaza, kimya chake kitahesabiwa kuwa jibu. Akiwa na elimu na lugha, atakiri dhulma iliyotendeka, kwani tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Kisha ataeleza habari za Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa biashara zao wenyewe, na za masheikh wa Qadiriyya waliosomesha dini hapa Tabora.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba Kiingereza kitambadilisha mtoto. Hofu hiyo ina msingi, maana lugha huja na desturi za wenyewe. Hata hivyo, tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na kujibiwa kwa uaminifu. Zaid huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa baadaye kazi ya kuikusanya Qur'an. Lugha ya wengine haikumpokonya amana yake.

Basi tuzitumie kumbi zetu za madrasa. Vyuo vinapofungwa, wanachuo wakutane Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, wakiwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza kutoka miongoni mwa waumini. Wasome ukurasa mmoja na wajadili swali moja. Kila mmoja, wa kike na wa kiume, apewe dakika 3 za kusema bila kukatizwa. Makosa ya lugha yaandikwe pembeni na kusahihishwa mwishoni, kwa maana anayesahihishwa kila neno huacha kusema. Atakayepinga aanze kwa kuirudia hoja ya mwenzake kwa usahihi. Hiyo ni adabu ya munadhara tuliyoirithi kwa wanazuoni wetu.

Kikao cha namna hiyo kinahitaji nakala chache, viti na nia. Wazazi wawaruhusu watoto wao, na kamati zifungue milango.

Wabillahi tawfiq.