Udhaifu, Unyonge au Udhoofu? Lugha ya Kumpima Mgonjwa Kabla ya Kubadilishiwa Vali ya Moyo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kuuona uwanja wa istilahi kuwa uwanja wa kamati na makamusi. Ni nadra kufikiri kwamba neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumnyima mtu tiba. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa jambo hilo lawezekana. Yanaeleza jinsi madaktari wanavyopima nguvu iliyosalia mwilini mwa mgonjwa kabla ya kumbadilishia vali ya moyo. Kisha yanachunguza jinsi maswali ya vipimo hivyo yanavyoweza kufika sikioni mwa mzee wa Makadara, mtaa wa kisiwani Mombasa unaopakana na Mji wa Kale, wenye msikiti wa Wabulushi na wakaazi wa asili nyingi waliounganishwa na Kiswahili cha Kimvita.

Vali na tiba yake

Moyo una vali nne. Hizi ni milango inayoiruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kwa wazee, vali ya aota, yaani ya mshipa mkuu wa damu, aghalabu hukakamaa kwa chokaa hata ikawa haifunguki vyema. Kwa vijana wa Afrika Mashariki, chanzo kikuu ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa na huiharibu zaidi vali ya mitra.

Vali iliyoharibika hubadilishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupasua kifua. Ya pili ni kuipitisha vali mpya ndani ya mrija mwembamba, aghalabu kupitia mshipa wa pajani, mpaka moyoni. Njia hii ilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 2002, alipoitumia daktari Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa. Iliwafungulia mlango wazee ambao awali walihesabiwa kuwa hawawezi kustahimili kisu. Ndipo swali likazidi uzito: ni nani atakayepata vali mpya akarejea katika maisha yake, na ni nani ambaye vali itafanya kazi ilhali mwili wake hautainuka tena?

Upasuaji wa vali umekuwa ukifanywa Nairobi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mater, na Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Mgonjwa wa Makadara anayepelekwa mbali na kwao huenda akahojiwa na mtu asiyekua katika lahaja yake. Hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

Dhana inayopimwa

Hali inayotafutwa na madaktari si uzee, na si ugonjwa wa moyo wenyewe. Ni kupungua kwa akiba ya mwili, kiasi kwamba msukosuko mdogo humwangusha mtu na kumchelewesha kuinuka. Wazee wawili wenye miaka 80 na vali zilizoharibika sawasawa wanaweza kutofautiana sana: mmoja ana akiba, mwingine hana.

Je, hali hii iitweje? Neno linalokuja upesi ni udhaifu. Tatizo ni kwamba dhaifu hubeba hukumu: mtu dhaifu ni asiye na msimamo, na hadithi dhaifu ni ile isiyotegemewa. Unyonge nao huelekea kwenye ufukara na kudhulumiwa. Ukongwe ni umri tu, na ugoigoi ni uvivu. Makala haya yanapendekeza udhoofu. Dhaifu na dhoofu hutokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, ila dhaifu ni sifa ya mtu ilhali kudhoofu ni kitenzi. Sifa humkaa mtu. Tendo lina mwanzo na mwendo, na yamkini likazuiwa. Maana hii inawiana na utabibu, kwa kuwa udhoofu huweza kupunguzwa kwa lishe, mazoezi na kutibu upungufu wa damu.

Vipimo vyenyewe

Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watu 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na shughuli chache za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa amedhoofu. Mwenye moja au mbili yu njiani.

Kwa wagonjwa wa vali, Jonathan Afilalo na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa 1,020 katika vituo 14 vya nchi tatu. Kipimo chao kifupi kina alama tano. Mgonjwa huinuka kitini mara tano bila kujisaidia kwa mikono: akitumia sekunde 15 au zaidi hupewa alama moja, akishindwa kabisa hupewa mbili. Alama nyingine moja moja hutolewa kwa himoglobini iliyopungua, kwa albumini iliyopungua, na kwa utambuzi uliofifia. Kadiri alama zinavyopanda, ndivyo hatari ya kufa au kulemaa baada ya tiba inavyoongezeka. Kipimo kingine ni kumtazama mgonjwa akienda mita tano kwa mwendo wake wa siku zote. Sekunde sita au zaidi huashiria hatari.

Ni bayana kwamba vipimo hivi ni vya aina mbili. Maabara na saa ya kuhesabia sekunde havihitaji mkalimani mkubwa. Uchovu, shughuli na utambuzi hupimwa kwa maneno, na maneno hayo yalitungwa kwa Kiingereza.

Maswali yanapofika Makadara

Kwanza ni salamu. Mzee wa Mombasa akiulizwa hali hujibu "njema" au "alhamdulillahi" hata akiwa hoi. Jibu hilo ni adabu na shukrani. Si taarifa ya kitabibu. Anayeliandika upesi katika faili amemhesabu mgonjwa kuwa mzima kabla ya mazungumzo kuanza. Vilevile, katika Kiswahili cha mwambao "siwezi" humaanisha pia "mimi ni mgonjwa". Mgonjwa anayeulizwa kama anaweza kupanda ngazi, akajibu "siwezi, mwanangu", huenda anaitaja maradhi yake kwa jumla. Muuguzi aliyezoea maana moja tu ataandika kuwa ngazi zimemshinda.

Pili ni uchovu. Katika kipimo cha Fried, mgonjwa huulizwa ni siku ngapi katika wiki iliyopita alihisi kuwa kila alilofanya lilimgharimu nguvu nyingi. Mfasiri wa haraka ataandika: "Kila nilichofanya kilihitaji juhudi." Lakini juhudi kwa Mswahili ni sifa njema. Bibi mwenye bidii atakubali kwa fahari, na fahari yake itahesabiwa kuwa dalili. Swali lenye asili ya Kiswahili lingekuwa: "Wiki iliyopita, ni siku ngapi hata kazi ndogo za nyumbani zilikuelemea?" Na kwa swali la pili la uchovu: "Ni siku ngapi ulitaka kuinuka ufanye jambo, mwili ukakataa?"

Tatu ni shughuli. Orodha iliyotumiwa Marekani ilihusisha kukata nyasi za uani, gofu na tenisi. Ajuza wa Makadara asiyefanya hata moja kati ya hayo ataonekana hana shughuli, ingawa hukuna nazi, hufua, na hupanda ngazi nyembamba za nyumba ya ghorofa. Maswali yenye maana kwake yangehusu kwenda sokoni, kwenda msikitini kwa miguu, na kama ameanza kuswali kitini ilhali zamani aliinuka kutoka sijida bila kushikilia kitu. Kupungua uzito nako hudhihirika kwa pete inayovuka kidole au kanzu inayompwaya. Maswali ya namna hii hayachukui nafasi ya mizani, lakini huleta jibu la kweli.

Nne ni saa, na hapa kosa lina hesabu kamili. Jaribio moja fupi la utambuzi humtaka mgonjwa akumbuke maneno matatu na achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya saa ambayo Waingereza huiita ya kumi na moja. Maneno yana alama tatu, saa ina alama mbili au sifuri, na jumla iliyo chini ya tatu huashiria tatizo. Mfasiri akisema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee mwenye akili timamu ataielekeza akrabu fupi kwenye tarakimu 5, kama Waswahili wote wanavyosoma saa. Msahihishaji anaisubiri kwenye 11. Tuseme mzee huyo alikumbuka maneno mawili: alistahiki alama nne, amepewa mbili, na ameandikwa kuwa utambuzi wake umefifia. Swali sahihi lilikuwa "saa tano na dakika kumi". Hali kadhalika, akiulizwa mwezi akajibu "mfungo sita", yaani mwezi wa Maulidi, au akiulizwa majira akajibu "kaskazi" au "kusi", hajapotea. Anahesabu kwa kalenda na pepo za mwambao.

Vijana nao

Vipimo vilivyotajwa vilibuniwa kwa wazee, ilhali wagonjwa wengi wa vali katika Afrika Mashariki ni vijana wenye baridi yabisi ya moyo. Hao nao hudhoofu: moyo ulioshindwa kwa muda mrefu hula misuli na kuondoa hamu ya chakula. Hii ni sababu nyingine ya kutoita hali hii uzee wala ukongwe. Msichana wa miaka 20 anaweza kuwa na akiba ndogo kuliko nyanya yake.

Hitimisho

Kosa la lugha katika upimaji huu lina pande mbili. Mwenye akiba akihesabiwa kuwa hana, huenda akarudishwa nyumbani na vali iliyokufa. Asiye na akiba akihesabiwa kuwa anayo, hupelekwa kwenye kisu bila kwanza kulishwa na kuimarishwa. Kwa hivyo tafsiri ya vipimo hivi haipaswi kuachiwa aliye karibu na kitanda. Maswali yatafsiriwe, yarudishwe katika lugha ya awali na mfasiri mwingine ili yalinganishwe, kisha yajaribiwe kwa wazee wenyewe, Makadara na kwingineko, kabla ya kutumiwa. Kazi hiyo inahitaji daktari, na inahitaji pia mtaalamu wa Kiswahili anayejua kwamba "siwezi" ina maana mbili na kwamba saa tano huonyeshwa na akrabu iliyo kwenye 11. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mgonjwa ni kuulizwa swali analolielewa.