Rabai: Safari ya siku moja kwenye mlima wenye kumbukumbu

FAMILIA inayoishi Bombolulu haihitaji kwenda mbali ili kuanza safari ya Rabai. Huanzia pale Kengeleni, ambapo watoto hupita wakielekea mjini, wengi bila kujua kuwa jina hilo latokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka wa 1875 kuwapa makao watumwa waliokombolewa.

Pwani ya Kenya haina nyumba ya watawa iliyojengwa kileleni mithili ya Debre Damo ya Ethiopia, ambako wageni hupanda kwa kamba, tena wanawake hawaruhusiwi. Rabai ndiyo inayokaribia, na huko mama na binti hukaribishwa.

Safari hupitia Daraja la Nyali, kisiwani, Changamwe na Mazeras, kabla ya kuingia barabara ya vilima vyenye minazi.

Ludwig Krapf alitia nanga Mombasa Januari 1844. Miezi michache baadaye mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa upande wa bara, Nyali, si mbali na Bombolulu. Mwaka wa 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann, kwa idhini ya wazee wa Kirabai. Ni kutokea hapo Rebmann alisafiri hadi akauona Mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848. Kanisa lao la kale sasa ni makumbusho.

Hata hivyo, kisa kizito zaidi si cha Wajerumani hao wawili. Miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikimbilia Rabai, nao mabwana wakataka warejeshwe. Mvutano ulitulia pale kampuni ya Waingereza iliyotawala eneo hilo ilipokubali kulipa, na Januari 1, 1889 zaidi ya watu 1,400 wakakabidhiwa hati za uhuru. Fidia iliwaendea mabwana, si waliotumikishwa.

Kabla ya wamishonari, mlima huo ulikuwa na utakatifu wake. Kaya tatu za Rabai, yaani Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, ni miongoni mwa misitu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2008. Mgeni haingii humo kiholela. Ni lazima kwanza apate ruhusa ya wazee, na akiambiwa asubiri, husubiri.