Namba ya meli haidanganyi, jina hudanganya

Watoto wanaopenda filamu za vyombo vya anga wana macho makali kuliko wazazi wao. Anayefuatilia Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 1966, atauliza mapema: kama chombo kikuu, Enterprise, kina namba NCC-1701, kwa nini Constellation, chombo cha aina ileile, kina 1017? Je, ni kikongwe zaidi? Mbona wamefanana kama pacha?

Jibu lake linachekesha. Mwaka 1967 watengenezaji walihitaji chombo cha pili, bajeti ikawa finyu. Wakachukua kimodeli cha plastiki cha Enterprise, cha aina inayouzwa dukani kwa watoto, wakapanga upya tarakimu za stika zake. 1701 ikawa 1017. Hakuna siri nyingine. Mashabiki wametunga maelezo mengi tangu hapo, lakini chanzo ni gundi na uhaba wa fedha.

Mtoto huyohuyo akipelekwa bandarini Tanga atauliza maswali yaleyale, na huku majibu hayachekeshi. Ataona boti mbili zinazofanana zenye namba za mtindo tofauti. Hiyo ni kwa sababu Tanzania ina daftari mbili za vyombo vya majini: Bara kuna Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018, na visiwani kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Boti ya Pemba na boti ya Tanga zinaweza kulala gati moja huku kila moja ikiwa na cheti cha upande wake. Hilo si kosa.

Linalostahili kumsumbua mzazi ni jina. Jina la meli ni rangi tu. Fundi hulifuta asubuhi na jioni meli ikawa na lingine. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ilijengwa mwaka 1967 na ilitumika Ugiriki kwa majina mengine kabla ya kufika kwetu. Abiria aliyesoma jina lile jipya ubavuni asingejua kwamba anapanda meli yenye umri wa miaka 44.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) liliweka mwaka 1987 namba yenye tarakimu saba, ikawa lazima kwa meli kubwa za safari za kimataifa kuanzia mwaka 1996. Meli ikibadili jina, mwenye mali au bendera, namba hiyo inabaki palepale hadi siku inapokatwa vyuma chakavu, wala haipewi meli nyingine. Kwenye Star Trek ni kinyume: Enterprise ilipoangamia, mwaka 1986 walileta nyingine wakairithisha namba ileile, wakaongeza herufi A tu.

Faida yake ilionekana mwaka 2012, ilipobainika kwamba meli za mafuta za Irani zaidi ya 30 zilisajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyeko Dubai. Majina yalikuwa mapya na bendera ilikuwa yetu, lakini namba za IMO zilikuwa zilezile za zamani. Januari 2018 Serikali ilisitisha kwa muda usajili wa meli za nje, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa ugenini na shehena haramu.

Mzazi anaweza kuigeuza namba hiyo kuwa hesabu ya likizo. Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za mwanzo, moja baada ya nyingine, kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2. Utapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na namba yenyewe inaishia na 9. Isipolingana, namba hiyo imeandikwa vibaya au imebuniwa. Mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Umbo nalo lina habari zake. MV Skagit, iliyozama Julai 18, 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, haikubadilishwa jina hata kidogo: Skagit ni mto wa jimbo la Washington, Marekani. Ilijengwa mwaka 1989 kuvusha abiria kwenye maji yaliyokingwa na visiwa na rasi huko Seattle, si kwenye mkondo wa Unguja wakati wa kusi. Namba sahihi haifanyi umbo lisilofaa lifae.

Mashua za mbao hazina namba ya IMO, na kwa familia nyingi za Sahare, Kigombe na Kipumbwi hizo ndizo usafiri. Januari 2017 mashua iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, na watu wasiopungua 12 wakafa. Huko muulize nahodha cheti kinaruhusu watu wangapi, kisha hesabu vichwa na jaketi okozi mwenyewe. Akikasirika, subiri chombo kingine. Bandari bubu usiku hakuna wa kumuuliza, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutopanda na watoto.

Halafu iko orodha ya abiria. Baada ya Spice Islander, hesabu ya mwanzo ilikuwa vifo takriban 200. Tume ilipomaliza kazi mwaka 2012, waliokufa na wasioonekana walizidi 1,500. Mtoto wa mapajani mara nyingi hana tiketi. Kabla ya kung'oa nanga, mwambie karani aandike jina lake, na usiondoke dirishani mpaka uone limeandikwa.