Usimbane Mtoto Pua

Bila shaka umepata kuliona jambo hili, kama si nyumbani kwako, basi kwa jirani. Mtoto wa miaka miwili amelazwa mapajani, dada yake amemshika mikono, pua imebanwa, na mama anammiminia uji. Mtoto analia, anapaliwa, anatapika. Mama naye yu karibu kulia. Ukimwuliza, atakujibu: “Nisipomlazimisha atakufa kwa njaa.”

Mama huyo ampenda mwanawe, wala hatumlaumu. Lakini njia yake ina hatari. Mtoto aliaye huku kinywa kimejaa uji aweza kuuvuta mapafuni, ukamletea homa ya mapafu, au ukamziba pumzi palepale. Tena aliyelishwa kwa nguvu leo, kesho akiona kijiko tu huanza kulia.

Basi tufanyeje? Kwanza tujue kwamba watoto wengi, tangu mwaka wa pili, hukataa vyakula wasivyovizoea. Ndivyo walivyo. Wataalamu wameona kwamba mara nyingi yapasa mtoto aonjeshwe chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea. Sisi twampa mchicha mara 2 au 3, akiutema twasema, “Huyu hali mboga.” Kumbe tumekata tamaa mapema.

Mwaka 1928 Daktari Clara Davis wa Marekani aliandika habari za watoto watatu waliokuwa wameachishwa ziwa. Waliwekewa sinia yenye vyakula vyema vya namna nyingi: nyama, mayai, maziwa, nafaka, mboga na matunda. Wauguzi waliagizwa wasiwashawishi. Mtoto akinyosha mkono kwenye chakula, ndipo alipewa. Siku moja alikula sana kitu kimoja, siku nyingine alikiacha. Hata hivyo wote walikua vizuri. Lakini angalia: vitu vya sukari havikuwamo katika sinia ile. Mkubwa alichagua vyakula. Mtoto alichagua kiasi.

Nawe gawa kazi hivyo hivyo. Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula, saa na mahali. Kazi ya mtoto ni kuamua atakula kiasi gani. Fanya hivi:

1. Mketishe mtoto pamoja na jamaa wote, awe na sahani yake. Akuone wewe ukila mchicha huo huo kwa furaha.

2. Weka chakula kipya kidogo sana, kama ukubwa wa harage moja, kando ya kile akipendacho. Akikiacha, usiseme neno. Kesho kutwa kiweke tena.

3. Mwache ashike chakula, hata akijichafua. Kumhimiza kwa upole kwafaa. Kumtisha au kumpiga hakufai. Wala usimwahidi peremende kama malipo, maana atajifunza kwamba mboga ni adhabu.

4. Usimpe chai ya sukari wala biskuti karibu na saa ya chakula. Aliyeshiba chai hana njaa ya maharage.

5. Baada ya nusu saa hivi, ondoa sahani bila ugomvi. Saa nyingine ya kula itafika.

Yafaa watu wote wa nyumbani wapatane. Mama akiacha kulazimisha, naye bibi akaendelea kubana pua jikoni, kazi yote yapotea. Zungumza na bibi kwa heshima. Naye amtakia mjukuu wake mema. Na wewe baba, usijifiche nyuma ya gazeti hili. Mtoto hula vizuri zaidi akimwona baba yake akila naye.

Lakini si kila kukataa ni mazoea. Mpeleke mtoto kwa mganga wa zahanati upesi kama uzito wake hauongezeki, kama miguu imevimba, kama ana vidonda kinywani, au kama hupaliwa kila amezapo. Mtoto wa namna hiyo ahitaji matibabu, usingoje azoee.

Jaribu kwa mwezi mmoja, wala usihesabu vijiko. Siku za kwanza mtoto atakupima kama kweli umeacha vita. Akisha kuona kwamba mkono wako haumshiki tena pua, yeye mwenyewe ataunyosha wake kwenye sahani.