Karatasi ya Ruhusa ya Kazi Inalinda Mwili Wako

Kama unafanya kazi katika mugodi, katika kiwanda au mahali po pote penye mitambo mikubwa, somo hili ni lako. Munganga anaweza kufunga kidonda na kutuliza maumivu. Lakini mukono uliokatwa na mutambo hauoti tena, na mapafu yaliyojaa moshi ni vigumu kuyaponya. Kwa hiyo tutasema habari za kinga inayotangulia ajali.

Kinga hiyo ni karatasi ya ruhusa ya kazi. Kabla ya fundi kufungua bomba, kuchomelea chuma au kuingia ndani ya tangi, mukubwa wa mahali pale anaandika: ni kazi gani, wapi, nani ataifanya, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, umeme umefungwa wapi, gazi imepimwa au bado. Wote wawili wanatia sahihi. Kazi ikiisha, fundi anarudisha karatasi, ndipo mutambo unaweza kuwashwa.

Wengine wanasema, "Hayo ni maandishi ya ofisi tu." Basi sikiliza habari za Piper Alpha. Lilikuwa jukwaa kubwa la chuma katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Scotland, mahali pa kutoa petroli na gazi chini ya bahari. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi waliondoa valvu ya usalama ya pompa moja ili ipimwe. Jioni ilifika, kazi haijaisha. Waliziba tundu la bomba kwa kifuniko cha chuma, na karatasi ya kazi ile ikasimamishwa. Usiku pompa ya pili ilizimika. Watu wa zamu ya usiku wakatafuta karatasi za pompa ya kwanza. Waliona moja, nayo ilihusu kazi nyingine iliyokuwa haijaanza. Karatasi ya valvu hawakuiona. Valvu yenyewe ilikuwa juu, mbali na pompa, hata macho hayakuweza kuwaonya. Wakawasha pompa. Gazi ikavuja penye kifuniko, na karibu na saa nne ya usiku ikalipuka.

Watu 167 walikufa, 61 wakapona. Angalia jambo hili vizuri: wengi wao hawakuuawa na miali ya moto. Zaidi ya 100 walikufa kwa kuvuta moshi na gazi, na wengi wa hao walikuwa katika nyumba ya kulala, walimongojea kuokolewa. Ndani ya moshi kuna gazi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu. Inashika damu, na damu haiwezi tena kubeba hewa ya uzima. Mutu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, anakufa.

Jaji Lord Cullen alichunguza mambo hayo, na katika mwaka 1990 akatoa mashauri 106, mengine yao juu ya ruhusa za kazi. Siku hizi kampani nyingi zinaandika ruhusa katika kompyuta au telefone. Faida yake ni kubwa. Ruhusa mbili za pompa moja zinaonekana pamoja. Zamu inayoingia inaona picha ya kiwanda, yenye alama kila mahali palipofunguliwa. Kompyuta nyingine zinakataa kabisa ruhusa mpya kama ile ya kwanza haijafungwa. Kosa la usiku ule lingekuwa gumu kufanyika.

Lakini kompyuta haina pua wala macho. Kapita akibonyeza "ndiyo" akiwa kwenye kiti chake, bila kwenda kupima gazi, ruhusa ni uongo. Akinakili ruhusa ya jana, au akitumia namba ya siri ya mwenzake, ni uongo tena. Na uongo ulioandikwa safi katika kioo unaaminiwa upesi kuliko ule wa karatasi chafu! Usione haya kuuliza, "Nani alipima? Saa ngapi? Nionyeshe kufuli."

Uliza zaidi sana kabla ya kuingia ndani ya tangi au shimo. Hewa njema ina oksijeni karibu 21 kwa mia. Ikishuka chini ya 19.5, usiingie bila chombo cha kupumulia. Usitegemee harufu: gazi inayonuka kama yai bovu inaua pua kwanza, unadhani imekwisha, kumbe imezidi.

Na mwenzako akianguka ndani, usimufuate. Watu wengi wamekufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili. Piga kelele, muvute kwa kamba kama amefungwa nayo, na waite wenye vyombo vya kupumulia. Akitolewa, mulaze penye hewa safi. Kama hapumui, anza kumusaidia kupumua na kukandamiza kifua chake, huku mwingine akikimbia kuita munganga.