Maikrofoni ya Rahisi na Sauti za Wazee Wetu



Nyumba nyingi siku hizi hazikosi maikrofoni ya bei rahisi. Vijana hurekodia kasida, na watoto husomea sura ili apelekewe baba aliye safarini. Lakini haipiti miezi mingi ila huanza kuvuma na kukatakata, kisha hutupwa sandukuni na kununuliwa nyingine ya namna ile ile. Nami nilikuwa miongoni mwa wafanyao hivyo, mpaka lilipopita jambo ambalo hata leo lanisikitisha.

Alikuwapo katika mtaa wetu bibi mmoja, ndiye aliyenisomesha alifu na be nilipokuwa mtoto. Alipokwisha kuwa mzee sana nilimwendea, nikamwomba anisomee juzuu ya Amma niirekodi. Alisoma yote kwa utulivu, nami kwa kughafilika kwangu sikusikiliza nilichokirekodi mpaka niliporudi nyumbani. Nikakuta mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga umeifunika sauti yake, hata siwezi kupambanua thaa yake na sin yake. Nikasema: Nitarudi Ijumaa na maikrofoni nyingine. Ijumaa haikufika ila tulikuwa tumekwisha mzika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baadaye nilipoifungua plagi ya maikrofoni ile niliona waya wa ardhi umeachana na mahali pake. Kuurudisha ilikuwa kazi ya dakika tano.

Basi na tujue kwanza chombo hiki ni nini. Maikrofoni nyingi za kushika mkononi zina kiwambo chembamba kilichogandishwa koili ya waya, na koili hiyo imezungukwa na sumaku. Sauti ikitikisa kiwambo, koili huzaa umeme kidogo. Aina ya pili ni ya elektreti, waliyoibuni James West na Gerhard Sessler huko Marekani mwaka 1962. Hiyo ni kidonge kidogo kinachohifadhi umeme wake daima, lakini ndani yake mna transista ihitajiyo volti chache kutoka katika simu au kinasa sauti. Nyingi katika zile zenye umbo kubwa la fahari zinazouzwa kwa bei ndogo, ukizifungua hukuti ila kidonge hicho, na nafasi yote iliyobaki ni hewa tupu.

Ubovu mara nyingi haumo katika kiwambo, bali katika waya, na hasa vidole vichache karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku. Kwa maikrofoni ya koili yenye plagi ya mguu mmoja, ichomoe, uweke mita ya umeme kwenye ncha ya plagi na shina lake, na swichi iwe imewashwa. Ikionyesha baina ya omu 150 na 600, yaelekea koili ni nzima. Isipoonyesha kitu, tikisa waya. Namba zikirukaruka, umekwisha pajua penye kidonda. Kata hapo, ulehemu upya. Na uuangalie sana waya wa ardhi, ule uliosukwa kama ukili ukawazunguka wenziwe, kwani ndio unaozuia mvumo wa umeme wa nyumba. Ukiligusa bomba la maikrofoni kwa mkono na mvumo ukapungua, jua kwamba bomba halikuungana na ardhi.

Kidonge cha elektreti kikifa hubadilishwa kwa kingine. Mguu uliogusana na ganda ndio wa hasi, na chuma cha kulehemu kisikae juu yake zaidi ya sekunde mbili, kwani joto huua transista.

Bomba tupu huvuma kama mtungi, nalo hutulizwa kwa kipande cha sifongo ndani. Lakini matundu yaliyo nyuma ya kidonge au kiwambo yasizibwe, maana kwayo maikrofoni hupunguza sauti zitokazo nyuma. (Vijana wanaokumbatia kichwa cha maikrofoni kwa kiganja huyaziba vivyo hivyo, kisha humlaumu fundi.) Wavu wa kichwani ufunguliwe, sifongo yake ioshwe kwa maji ya vuguvugu na ikaushwe kabisa, kwa sababu mate na vumbi hula sauti nyembamba.

Na sauti nyembamba ndizo zetu. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo ya 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na mpulizo wa sin sehemu yake kubwa iko juu ya hapo. Ndiyo maana herufi zilichanganyika. Misri ilipotoa msahafu mzima katika sahani mwaka 1961 kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, ilikuwa ni kuyahifadhi matamko yenyewe, si maneno tu.

Maikrofoni ikiisha tengenezwa, iweke umbali wa shibiri, upande kidogo wa mdomo ili pumzi ya be isiipige, na simu isiwe katika chaji. Mtoto asome thaa, sin na saad, nawe usikilize ulichorekodi hali umefumba macho. Ukizitambua zote tatu, tandika mkeka ukamwite mzee.