Mhitimu, Pasipoti na Treni ya Kapiri Mposhi

Safari ya nje ya nchi kwa kijana aliyemaliza chuo huamuliwa na pasipoti kabla mfuko haujaulizwa. Mtanzania au Mkenya anayetaka kutembea Ufaransa hulipa yuro 90 za ada ya viza ya Schengen, kiwango kilichoanza Juni 2024, na pesa hizo hazirudi hata akinyimwa. Lazima pia awe na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki, na ushahidi kwamba ana kitu cha kumrudisha nyumbani, mara nyingi barua ya mwajiri. Hapo ndipo mhitimu anapokwama, kwa sababu mwajiri mwenyewe bado anamtafuta.

Kusini mambo ni mepesi. Mtanzania na Mkenya huingia Zambia bila viza. Afrika Kusini nayo iliwafungulia Wakenya mlango Januari 2023, kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Fedha ambayo ingeishia dirishani ubalozini inabaki kuwa nauli na chakula. Ndiyo maana njia ya Dar es Salaam hadi Livingstone nchini Zambia, kwa treni na basi, inamfaa anayetoka nje kwa mara ya kwanza kuliko tiketi ya ndege ya bei ya kutupa.

Maandalizi ni machache. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na kurasa za kugongwa mihuri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja nayo. Tangu Julai 2016 sindano moja inatambuliwa maisha yote, ila cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayekimbilia hospitali usiku wa kuamkia safari amechelewa.

Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Abiria wa daraja la kwanza hulala wanne katika chumba kimoja, wa daraja la pili sita, na wanaume hutenganishwa na wanawake isipokuwa kundi likinunua chumba kizima. Kitanda hicho ndicho siri ya unafuu wake, kwani nauli moja inalipa usafiri na malazi ya usiku mbili au zaidi. Treni hupita pembezoni mwa Hifadhi ya Nyerere, ambako twiga na swala huonekana dirishani bila kiingilio, kisha hupanda milima na kuingia mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Kuchelewa ni kawaida yake. Reli sasa imo katika mpango mkubwa wa ukarabati unaoendeshwa na kampuni ya China, hivyo ratiba iulizwe kituoni, si kwa aliyesafiri mwaka juzi. Treni isipokuwepo, mabasi ya Lusaka yapo, nayo hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu.

Mpakani, kati ya Tunduma na Nakonde, saa hurudi nyuma kwa saa moja, na wabadilisha fedha hujitokeza wakiwa na mabunda ya kwacha. Hapa macho yanahitajika. Bunda hukunjwa katikati ili noti moja ihesabiwe mara mbili, na kikokotoo cha muuzaji huweza kuwa kimechezewa. Zambia iliondoa sufuri tatu katika sarafu yake mwaka 2013, na mwaka 2025 ikatoa tena noti mpya. Mgeni asiyejua sura ya noti halali huuziwa makaratasi. Busara ni kubadilisha kiasi cha chakula na nauli ya kufika mjini tu, kuhesabu noti moja moja kabla ya kutoa shilingi, na kukataa kuharakishwa. Kiswahili bado kinasaidia Nakonde. Kuelekea Lusaka, Kibemba na Kinyanja hutawala, na Kiingereza kinatosha.

Kapiri Mposhi si mji wa kukaa. Kituo cha TAZARA kiko mbali kidogo na kile cha reli ya Zambia, na wapiga debe wa mabasi ya Lusaka huwa wameshajipanga nje. Lusaka hadi Livingstone ni takriban kilomita 470 kwa basi.

Livingstone ina hosteli zenye vyumba vya vitanda vingi na jiko la pamoja, na jiko ndilo linaloshusha gharama. Sokoni kuna unga wa mahindi wa nshima, ambayo ni ugali tu, na kapenta. Mtu wa Kigoma atamtambua kapenta mara moja: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyepandikizwa katika bwawa la Kariba miaka ya 1960.

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, au Victoria, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha zaidi ya mita 100. Msimu una uzito kuliko hoteli. Karibu na Aprili maji huwa mengi mno, mvuke hufunika bonde na nguo hulowa. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki ukuta wa mwamba karibu mkavu. Daraja la reli la mwaka 1905 linaunganisha nchi hiyo na Zimbabwe, na ofisi ya uhamiaji hutoa kikaratasi cha kufika darajani na kurudi.

Baadhi ya vijana hurefusha safari kwa kufanya kazi hostelini ili wapate kitanda. Muhuri wa mgeni hauruhusu ajira, na makubaliano ya namna hiyo yaweza kumfikisha mtu kituo cha polisi. La hatari zaidi ni tangazo la kazi Thailand lenye tiketi ya bure: vijana wa Kenya na Uganda waliolifuata wamejikuta wakivushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Nauli ya kurudi hutengwa siku ya kwanza, mbali na pochi ya matumizi. Afisa wa mpakani anaweza kuuliza kama ipo.